Mwaka Niliomkanda Shangazi Mikono

Ramla, binti wa Shangazi yangu, alinipigia simu asubuhi nikiwa nasugua sufuria iliyoungua, akasema mama yake amefariki. Sikulia. Nilimwuliza ataoshwa saa ngapi, kana kwamba hilo ndilo swali la kwanza mtu analouliza, naye akanijibu kwa utulivu kwamba wananisubiri. Kutoka Nzega ninakoishi mpaka Tabora ni lami tupu siku hizi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshafika mtaa wa Chemchem, nimeshavua viatu, nimeshaingia katika chumba cha nyuma ambako wanawake wanne walikuwa wamemlaza Shangazi Mwamvua juu ya kitanda cha kuoshea. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimeosha maiti wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, wa kwetu na wasio wa kwetu, na mikono yangu huwa inaijua kazi hiyo hata kichwa kikiwa kwingine. Lakini nilipofika kwenye vidole vyake nikakwama. Vilikuwa vimelala vyote upande mmoja, upande wa kidole kidogo, na vifundo vimetuna, na mama mmoja aliyekuwa akinisaidia alijaribu kuvinyoosha kwa upole, kimoja kimoja, kama anayenyoosha ukosi wa shati. Havikunyooka. Nikamwambia aviache tu, ndivyo vilivyo. Akaviacha, tukaendelea.

Jioni, baada ya maziko, tulikaa kwenye mikeka uani. Ramla ni mtoto wa pekee wa kike wa Shangazi aliyebaki, na yeye mwenyewe sasa ni bibi mwenye wajukuu huko Kigoma. Alinishika bega mbele ya wanawake wote akasema, "Huyu ndiye Zena, binti wa mjomba. Ule mwaka mikono ya mama ilipovimba, mimi niko Kigoma sijiwezi na mimba, huyu ndiye aliyemkanda asubuhi na jioni mpaka akapona." Wanawake wakanigeukia. Mmoja akasema Mungu anilipe kila la heri, mwingine akasema watoto wa siku hizi hawana moyo huo. Nami nikaitikia amina. Nilikuwa na nafasi ya kusema jambo jingine, ilikuwa wazi kabisa mbele yangu, watu wananitazama, nikasema amina na kuomba maji ya kunywa. Ni hiyo amina inayonifanya niandike sura hii. Imenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Mwaka wenyewe ni ule niliomaliza kidato cha nne, nikawa nasubiri matokeo. Nilitoka kijijini kwetu Ipole juu ya lori la tumbaku nikiwa na debe dogo la asali mapajani, nikashushwa mjini nimepauka vumbi mpaka kope, na Shangazi alipofungua mlango alicheka kwanza ndiyo akaitikia shikamoo yangu. Alikuwa mshonaji. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na ua, na chumba cha nyuma kilikuwa cha cherehani: cherehani ya miguu chini ya dirisha, meza ya kukatia, chaki zilizovunjika kwenye kopo la maziwa, na vipande vya vitambaa vilivyofungwa kwa rangi zake, bluu na bluu, khaki na khaki. Kilinukia mafuta ya mashine na pasi ya mkaa. Kitanda changu kilikuwa humo humo, kwa hiyo nililala katikati ya nguo za watu. Asubuhi tulikunywa chai na michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa kwa karanga, yeye akila haraka haraka, kisha anakaa kwenye cherehani na kuanza kunisimulia mambo ya watu huku miguu inakwenda. Alikuwa na ulimi. Alimjua kila mtu wa Chemchem kwa kipimo cha kiuno chake. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimeipata tena, na naisema hapa kwa sababu haikuwa kosa lake kwamba haikudumu.

Mvua zilipokuwa zinaisha mikono yake ikaanza. Kitu cha kwanza alichokiacha ni mkasi ule mkubwa wa kukatia. Akasema nikate mimi ili nijifunze, nami nikajiona nimepandishwa cheo. Kisha nikaona kwamba asubuhi hawezi kukunja ngumi mpaka jua liingie uani, na kwamba anashika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto. Vifundo vilivimba, ngozi yake ikawa laini na ya kung'aa, na ukiweka kiganja karibu, hata kabla ya kugusa, unasikia joto linatoka. Alilala mikono ikiwa nje ya shuka, imewekwa juu ya mto, peke yake, kama vitu vya kuazima. Nilimwuliza kwa nini. Akasema shuka linauma. Shuka la pamba lililofuliwa mpaka likawa jepesi kama karatasi! Nilicheka, na yeye akacheka kidogo, na mimi nikadhani tumetaniana.

Jirani yetu alikuwa Bi Chausiku, mkandaji. Wazazi wote wa mtaa ule walipita mikononi mwake. Mtoto akizaliwa, kabla hata hajapewa jina, Bi Chausiku ameshafika na taulo lake kumkanda mama yake tumbo na nyonga kwa maji ya moto. Alikuwa mwanamke mwema, niseme hilo mapema, na mwenye nguvu za mpasua kuni. Aliishika mikono ya Shangazi, akaigeuza huku na huku, akasema ni baridi imeingia kwenye viungo, na baridi haitoki kwa kubembelezwa. Ikandwe. Maji ya moto, chumvi, majani ya mwarobaini, taulo likamuliwe, libandikwe, kisha kila kifundo kikandwe kwa gumba mpaka kilainike, asubuhi na jioni bila kuruka. Alinifundisha siku tatu. Alinionyesha namna ya kupima maji kwa kiwiko, kama unavyopima ya kumwogeshea mtoto mchanga, kwa sababu kiganja cha mpika ugali kimezoea moto na kinadanganya. Siku ya nne akaniachia kazi, akakaa pembeni kwenye kigoda kuangalia.

Nilikuwa na huruma siku hiyo. Nilichanganya maji ya baridi mengi, nikapima kwa kiwiko, nikaona ni uvuguvugu tu. Nikachovya taulo, nikakamua, nikambandika juu ya mkono wa kulia. Shangazi akaruka kwenye mkeka. Akaita mayo, mama, kwa Kinyamwezi, yeye ambaye nyumbani kwake hakuruhusu chochote ila Kiswahili cha mjini.

"Zena, yanaunguza," akasema.

"Shangazi, ni ya uvuguvugu."

"Yanaunguza, nakwambia."

Nikazamisha mkono wangu mwenyewe ndani ya beseni mpaka juu ya kifundo, nikauacha humo, nikamtazama. Nilitaka aone. Nilikuwa na ushahidi. Bi Chausiku akacheka mpaka kigoda kikalia. "Mwamvua, watoto watatu umezaa hukutoa hata sauti, mimi mwenyewe nilikuwepo. Leo maji ya kumwogeshea kichanga yanakuliza?" Kisha akanigeukia mimi. "Wewe kanda, mwanangu. Akilia ndiyo baridi yenyewe inatoka."

Nimerudi kwenye beseni lile mara nyingi. Kile alichokisema Bi Chausiku kilikuwa ushahidi, na kilikuwa mbele yetu sote watatu: mwanamke asiyelia analia. Mtu aliyezaa watoto watatu kimya haanzi kudeka akiwa mtu mzima kwa sababu ya taulo. Lakini sisi tuliusoma ushahidi huo kinyumenyume. Na mimi nilikuwa na sababu ndogo zaidi ya kukosea kuliko wote, kwani nilikulia Ipole, kwenye mizinga. Nilishaumwa na nyuki mkononi mpaka ukawa kama mguu wa mtoto, na nilijua kwamba kesho yake mkono huo hautaki khanga iuguse, hautaki jua, hautaki maji ambayo jana yake uliyanawa bila hata kuyafikiria. Nilijua hayo kwa mwili wangu. Sikuyaleta Chemchem. Niliyaacha huko huko pamoja na mambo ya kijijini, na nilipokaa mbele ya Shangazi niliamini kiwiko changu, kiwiko kizima cha msichana wa miaka kumi na tisa, kwamba kinaweza kumpimia moto mtu mwingine.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari na mvi, niliitwa kwenye semina ya wauguzi, na daktari kijana akatueleza kwamba kwenye ncha za neva za hisia kuna vilango vidogo vinavyofunguka pale tu kitu kinapokuwa cha moto wa kuunguza. Vilango hivyo hivyo, akasema, ndivyo pilipili inavyovifungua, na ndiyo maana mdomo unalia moto pasipo na moto. Sasa mahali penye uvimbe wa joto na wekundu, ule ambao kitabuni unaitwa mchochota, mwili unamwaga kemikali zinazolegeza makomeo ya vilango vile. Vinafunguka mapema. Maji ya uvuguvugu yanatosha, na wakati mwingine joto la damu ya mtu mwenyewe linatosha. Na mchochota ukidumu, chembe hai ya neva yenyewe inatengeneza vilango vingine zaidi na kuvipeleka huko kwenye ncha, ikizidi kujiweka tayari. Wenzangu waliandika. Kijana alieleza vizuri sana, na picha zake ukutani zilikuwa za rangi. Mimi nilitoka nje kabla ya chai, nikasimama nyuma ya jengo karibu na matangi ya maji, na mtu aliyekuja kuniangalia nilimwambia ni presha.

Tulikwenda hospitali, asije mtu akafikiri hatukwenda. Tulipewa vidonge, tukaambiwa turudi vikiisha. Na vilimsaidia. Zile siku za vidonge joto lilipungua, akashika kikombe kwa mkono mmoja, akanituma nimnunulie uzi. Lakini tulikuwa tunaendelea kumkanda wakati huo huo, na sifa yote ilikwenda kwenye taulo. Bi Chausiku alizunguka mtaani akisema. Vidonge vilikuwa vinamchoma tumbo, vikaisha, hatukurudi. Tungerudi kwa nani, na kwa nini, wakati tiba tulikuwa nayo jikoni? Wiki moja baadaye mikono ikavimba upya kuliko mwanzo. Tukaongeza chumvi.

Kila Alhamisi tulikwenda Kanyenye kuchukua vitambaa vilivyokatwa kwenye duka la Bwana Hasmukh, ambaye ndiye aliyempa Shangazi kazi ya sare za shule. Mama yake Bwana Hasmukh alikaa nyuma ya kaunta kuanzia asubuhi, mwanamke mzee wa Kihindi aliyekisema Kiswahili cha Tabora vizuri kuliko mimi wa Ipole. Alikuwa na friji ya soda, na Shangazi alikuwa mteja wake wa siku nyingi, kwa hiyo chupa moja ilifunguliwa bila kuombwa. Wiki hizo niliona Shangazi hainywi. Anaikumbatia ile chupa kwa viganja vyote viwili, anafumba macho, anaizungusha polepole ili kila kidole kipate zamu yake. "Mwamvua," yule mama akamwuliza siku moja, "soda unainywa au unaipasha moto?" Shangazi akacheka bila kufumbua macho. "Naipasha, mama. Zena hapendi ya baridi." Kisha akanipa, nami nikainywa ikiwa vuguvugu njiani tukirudi, nikifurahi kwamba Shangazi yangu ananipenda kiasi cha kujinyima. Nilitembea kando yake nimebeba furushi la khaki kichwani na sukari mdomoni, na sikuona chochote. Mwili wake ulikuwa unatafuta wenyewe kilichoupoza, mbele ya watu, mchana kweupe, kila Alhamisi.

Dirisha la chumba cha cherehani lilitazama njia ya kwenda bombani, na wanawake waliopita na ndoo hawakuwa na habari kwamba ukuta wa nyumba ni mwembamba. Asubuhi moja nilikuwa napiga pasi na Shangazi alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona, mikono juu ya mapaja. Sauti mbili zikapita. Moja ikasema Mwamvua kapata binti wa kumhudumia, sasa kila kidole kinauma. Nyingine ikasema kelele anazopiga asubuhi, utadhani anachinjwa, kumbe ni maji ya uvuguvugu, yule mtoto mwenyewe anasema. Yule mtoto mwenyewe alikuwa mimi. Ni kweli nilisema, bombani, nilipoulizwa. Shangazi hakunitazama. Niliona aibu, lakini, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, aibu yangu haikwenda upande wake. Ilikwenda upande wa watu. Jioni ile alipoanza kulia kabla hata taulo halijamgusa, nikakasirika nikalitupa ndani ya beseni.

"Shangazi, watu wanatucheka. Maji haya ningemwogeshea mtoto wa siku moja."

Alinitazama. Uso wake haukuwa na hasira; ulikuwa uso wa mtu anayepiga hesabu ya kitambaa na kukuta hakitoshi.

"Sawa," akasema. Akanipa mkono.

Kuanzia hapo hakulia. Nilimkanda kila kifundo kwa gumba kama nilivyofundishwa, na hakulia. Alikuwa akishika pindo la khanga kwa meno, akitazama mlango wa jikoni, na jasho linamtoka juu ya mdomo hata siku za baridi. Niliona hayo yote. Macho yangu yalikuwa mazima. Nilichosema moyoni ni kwamba sasa tumefika, dawa imeshika, na nilianza kukaza gumba zaidi. Ndiyo hali aliyokuwa nayo, na hakukuwa na mlango wa kutokea: akilia, baridi inatoka, endelea; akinyamaza, anapona, endelea. Baada ya kama wiki mbili akatafuta mlango wake mwenyewe. Alimwita Bi Chausiku, akanyoosha mikono mbele yetu, akafunga ngumi na kuzifungua mara tatu, haraka, akitabasamu.

"Nimepona," akasema. "Taulo lipumzike."

Bi Chausiku akapiga kigelegele. Mimi nililia, kwa furaha na kwa kujisifu. Jioni hiyo Shangazi akaniambia nimwandikie Ramla barua Kigoma asiendelee kuwa na wasiwasi ilhali ana mimba, nami nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, kwamba mama amepona kabisa na ni mimi niliyemkanda. Hilo la mwisho hakuniambia niliandike. Niliongeza mwenyewe.

Aliyepona anarudi kazini. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na Bwana Hasmukh alikuwa ameshampa mshonaji mwingine sare za muhula huo. Aliposikia habari njema akazirudisha, mafurushi manne, akazileta mwenyewe mpaka mlangoni. Shangazi hakuweza kukataa. Angesema nini? Alishona wiki tatu. Cherehani yake ya zamani ilikuwa na mwendo mmoja mrefu, unaoweza kulala ukiusikia. Sasa ilikwenda kidogo, ikasimama, ikaenda, ikasimama, na kila iliposimama mimi nilikuwa uani naning'iniza kaptula za khaki kwenye kamba na kuhesabu kwamba anabadilisha uzi. Alipenda nikae nje. Masimulizi ya watu yaliisha. Chai yake ilipoa mezani, na nikimwuliza ananijibu anapenda iliyopoa.

Katika wiki ya tatu niliingia jikoni asubuhi kuchukua mkaa, nikamkuta amepiga magoti mbele ya mtungi wa maji ya kunywa. Kifuniko kilikuwa chini. Mikono yake yote miwili ilikuwa imezama ndani ya mtungi mpaka viwiko. Kwetu mtu hachovyi hata ncha ya kidole kwenye mtungi; kuna kata ya kutekea, na mtoto anayesahau kata anachapwa, na Shangazi mwenyewe alishawahi kunifokea kwa kuacha kata ile sakafuni. Alifumba macho, paji la uso ameliegemeza kwenye ukingo wa udongo. Alipohisi nimesimama pale hakuitoa mikono.

"Usimwambie Chausiku," akasema.

Hapo nilielewa kwamba hakupona. Nilielewa kwa sekunde moja, yote, barua, kigelegele, kaptula. Nimejitahidi miaka yote hii kujikumbuka nikipiga magoti kando yake, au nikikimbia hospitali, au hata nikikaa kimya. Sikufanya hivyo. Niliogopa, na aliyeogopa anafanya anachokijua. Nilichukua mkaa, nikawasha jiko, nikateleka sufuria.

"Basi tuanze tena kukanda, Shangazi," nikamwambia. "Safari hii tusiache mapema."

Akafumbua macho. Akaitoa mikono mtungini, maji yakamchuruzika mpaka kwenye magoti, na vidole vilikuwa vyekundu, vimevimba mpaka pete ya fedha imezama kwenye nyama. "Nimepona, Zena," akasema. Akainuka kwa kuegemea ukuta kwa kiwiko, akapita mbele yangu, na punde nikasikia cherehani inaanza.

Sare zilimalizika siku mbili kabla ya shule. Ndizo nguo za mwisho alizoshona. Kitaaluma najua kwamba ugonjwa ule ungevipindisha vidole hata kama asingekanyaga cherehani, na kwamba tiba ya hospitali ilitakiwa iendelee, na hata hivyo isingekuwa ya uhakika. Nimewaambia ndugu za wagonjwa maneno hayo mara nyingi, na wengine yamewatuliza. Mimi hayanitulizi. Yanazungumzia vidole, na mimi nawaza zile wiki tano ambazo mtu alikuwa anaungua mbele yangu kila asubuhi, na mimi ndiye niliyeshika taulo, na nilimpenda.

Matokeo yalitoka, nikachaguliwa uuguzi, nikapanda treni. Katika mwaka wa pili mkufunzi wetu, mwanamume mfupi mwenye koti jeupe lililomzidi, alichora ubaoni chembe ya neva: mwili wake umejificha karibu na uti wa mgongo, na uzi mmoja mrefu unaokwenda mpaka ncha ya kidole. Akasema kila neva ina kizingiti. "Kizingiti cha mlango kikiwa kirefu, maji ya mvua hayaingii ndani. Mchochota unakichonga. Kikishachongwa, hata maji ya kuoshea vyombo yanaingia." Akasema mgonjwa wa namna hiyo ukimgusa kidogo anahisi umempiga, ukimpa vuguvugu anahisi umemchoma, na habari inayofika kwenye ubongo wake ni ya kweli, si ya kudeka. Kwa hiyo maumivu hayapimwi kwa mkono wa muuguzi. Aliposema hivyo wenzangu waliinamisha vichwa kuandika, na mimi nilibaki nimeinua kalamu.

Likizo ilipofika nilikwenda Tabora moja kwa moja, sikupitia Ipole. Nilikuwa nimeinakili ile picha ya ubaoni. Nilimkuta Shangazi amekaa kwenye mkeka uani, mikono mapajani, vidole vimeshaanza kulala upande. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Baada ya shikamoo na habari za chuo nilikaa mbele yake nikatandaza karatasi. Nikamweleza yote, chembe na uzi wake, kemikali, kizingiti. Nilizungumza kwa muda mrefu, nikionyesha kwa kidole, kwa sababu nilikuwa nimeyabeba hayo safari nzima na nilidhani nikiyafikisha tu, kitu fulani kitakuwa kimerudishwa. Nilimwambia kwamba hakuwa anadeka. Nilimwambia kwamba maji yale, kwa mikono yake, kweli yalikuwa moto.

Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamia picha.

"Huyo mwalimu wenu," akauliza, "ameshaumwa mikono?"

"Hapana, Shangazi. Wamechunguza. Imo vitabuni."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali kipimo.

"Mimi nilikwambia siku ya kwanza," akasema. "Nilikwambia yanaunguza."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ananikumbusha tu, kama ningekuwa nimesahau. Nilitaka kumwomba radhi; nikanyoosha mkono nimshike wake. Aliuona unakuja. Akaiingiza mikono yake yote miwili ndani ya khanga, polepole, mmoja baada ya mwingine, akaibana kifuani, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimekula.